Kisirani cha Gari la Mangapwani

Mwaka wa hamsini na nne, gari la abiria lililotoka Mangapwani kwenda mjini asubuhi lilikuwa moja tu, na dereva wake alikuwa Pandu Makame. Lilikuwa lori lililojengewa bodi la mbao na mabenchi sita, mali ya Bwana Anwarali, mfanyabiashara wa mtaa wa Malindi, mjini. Pandu alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mchangamfu, abiria wakimpenda, na kila akiulizwa habari za gari alikuwa na jawabu moja.

"Gari ni bahati, bwana. Kama mtu, inazaliwa na nyota yake. Ikitaka kufika itafika. Isipotaka, hata uikoshe kwa marashi utabaki nayo njiani."

Watu wakicheka, naye akicheka nao. Kauli ile ilimfaa. Ilimpa ruhusa ya kulala mpaka kunapambazuka, akaja moja kwa moja kushika usukani bila ya kutazama maji wala oili.

Katika abiria wake alikuwamo Bi Mashavu, mjane wa makamo aliyesokota kamba za makumbi ya nazi. Kila Jumatatu na Alkhamisi alipanda na mafungu yake ya kamba kwenda kuuza sokoni Darajani. Mtoto hakujaaliwa. Alikuwa na dada yake mmoja, Khamisa, aliyeolewa Kikwajuni, mjini, na akimaliza biashara hupita kwake wakala pamoja kabla ya gari kurudi shamba. Sauti yake ilikuwa nene na mzaha wake hauishi. Hukaa benchi la mbele, nyuma ya dereva, akahadithia, na gari zima likasikiliza.

Jumatatu moja, kabla ya mvua za vuli, rejeta lilichemka karibu na Chuini. Pandu alikuwa hajatia maji tangu wiki iliyopita. Wakangoja injini ipoe, wanaume wakaenda kuomba maji kwenye kisima cha watu, wakafika mjini jua limeshapanda.

Alkhamisi ya wiki ile ile gari likasimama tena, si mbali na pale pale. Safari hii ulikatika mkanda wa feni. Siku kumi nyuma Bwana Anwarali alikuwa amempa Pandu mkanda mpya, akamwambia auvishe siku hiyo hiyo kwa sababu ule wa zamani umeanza kuchanika. Pandu akaupeleka nyumbani, akautundika ukutani. Kila siku alisema kesho.

Walikaa pembezoni mwa barabara mpaka adhuhuri. Borafya, mchuuzi wa samaki, alikuwa na matenga mawili ya vibua, na vibua vilianza kunuka. Alizunguka gari mara tatu, kisha akamkabili Pandu mbele ya watu wote.

"Dereva, gari ina nini?"

Pandu alikuwa ameushika ule mkanda uliokatika. Aliutia mfukoni.

"Gari haina kitu," akasema. "Labda mmoja wenu kapanda na kisirani chake."

Alisema kwa mzaha, na wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mashavu. Lakini Mjaka, konda wa gari, hakucheka. Alihesabu kwa vidole.

"Jumatatu alikuwamo Bi Mashavu. Na leo yumo. Siku nyengine zote tunafika salama."

Watu wakageuka kumtazama. Bi Mashavu akaendelea kucheka kidogo, peke yake, kisha akanyamaza. Pandu aliuona uso wake. Neno moja tu lingetosha: mkanda ulikuwa mbovu na mpya uko nyumbani kwangu. Aliona haya mbele ya Borafya na samaki wake, akainama kwenye injini kama anayetafuta kitu, akauunga mkanda kwa waya, wakafika mjini hivyo hivyo.

Wiki ya pili, Bi Mashavu alipofika na kamba zake, Mjaka alimzuia mlangoni. "Bi Mashavu, usinione vibaya. Watu hawataki. Nenda na gari ya ng'ombe, au mpe mtu akuuzie." Bi Mashavu alimtazama Pandu. Pandu alikuwa anafuta kioo.

Jioni ile Pandu aliuteremsha mkanda mpya ukutani. Asubuhi aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, akautoa ule uliounganishwa kwa waya, akauvisha huo mpya, akatia maji, akapima oili, akafungua plagi moja moja na kuzisugua. Tangu siku hiyo, mchana akiwa Darajani hakwenda tena kwenye bao na wenzake. Alilala chini ya gari na kopo la girisi. Alidhani gari likienda vizuri, watu watalisahau lile neno, na Bi Mashavu atarudi kwenye benchi lake bila ya yeye Pandu kulazimika kusema lolote.

Gari likaenda vizuri. Miezi mitano halikusimama njiani hata mara moja.

"Mnaona?" Mjaka akiwaambia abiria. "Tangu tumshushe yule mama, gari imetulia kama saa."

Kila siku ambayo gari lilifika salama ilikuwa ushahidi mpya dhidi ya Bi Mashavu. Kila Pandu alipotia girisi, alimzidishia mzigo. Wavuvi wakamwambia asifukie makumbi yake mchangani karibu na ngalawa zao, wasije wakakosa samaki. Kwenye harusi ya jirani hakualikwa kumwona bibi harusi. Mkewe Pandu, Mwanakheir, alirudi kisimani siku moja akasema Bi Mashavu siku hizi anachota maji wenzake wakishaondoka. "Hata mzaha hana tena," alisema. Pandu akatoka nje. Alitaka kumwambia mkewe, akashindwa, kwa sababu Mwanakheir angemuuliza kwa nini miezi yote ile amekaa kimya.

Mwisho wa kaskazi, asubuhi moja, walimkuta Bi Mashavu kasimama barabarani nje kidogo ya kijiji. Hakuwa na kamba. Alikuwa amevaa buibui lake zuri, na alinyoosha mkono wote, kama mtu anayezama.

Pandu akakanyaga breki.

"Usisimame!" Borafya akapiga kelele. Mjaka akaupiga ubao wa gari kwa kiganja: twende, twende. Sauti nyengine zikaungana. "Dereva, tuna safari! Unataka tulale Chuini?"

Gari lilikuwa limepunguza mwendo mpaka Pandu akauona mdomo wa Bi Mashavu ukisema kitu. Hakusikia. Aliondoa mguu kwenye breki akaurudisha kwenye mafuta. Katika kioo alimwona ameteremsha mkono, akaanza kutembea kuelekea mjini.

Siku mbili baadaye habari ilifika Mangapwani kuwa Khamisa wa Kikwajuni amefariki. Alikuwa ameugua ghafla, na mtu wa baiskeli ndiye aliyemletea Bi Mashavu habari za ugonjwa, asubuhi ile aliposimama barabarani.

Bi Mashavu alirudi baada ya matanga. Pandu akaenda kwake baada ya sala ya Alasiri. Alimkuta uani, nyundo ya mbao mkononi, makumbi yamerundikana mbele yake hayajapigwa.

"Shikamoo, Bi Mashavu."

"Marahaba."

"Nimekuja kukupa pole. Na nna jambo."

Hakumkaribisha kukaa. Pandu akachutama mwenyewe karibu na mlango wa ua, akaeleza. Alieleza maji ya rejeta ambayo hakuyatia. Alieleza mkanda: ni kamba ya mpira inayozungusha feni, ikikatika injini inachemka. Alisema alipewa mpya akautundika ukutani. Alisema siku zote hizi gari imekuwa nzima kwa sababu anaiangalia, si kwa sababu yeye hayumo.

Bi Mashavu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Nlikuwa najua."

"Siku mliyonipita pale barabarani, ulikuwa unajua."

"Naam."

Akaiweka nyundo chini. "Nlitembea mpaka Bububu, nkapata gari ya ng'ombe iliyonifikisha Mtoni, nkatembea tena. Kikwajuni nlifika. Usidhani sikufika. Nlifika Khamisa yu hai, namsikia ndani anauliza, Mashavu kaja? Nkasimama nje ya mlango." Alisogeza kumbi moja kwa mguu. "Nkaogopa kuingia, Pandu. Nlijisemea, mimi nikigusa kitu kinaharibika. Gari zinasimama. Wavuvi hawapati. Nikiingia na mkosi wangu kwa mgonjwa, je? Nkasema ngoja kwanza apate nafuu kidogo. Nlikaa pale kizingitini mpaka nkasikia kilio."

Pandu alikuja tayari kusikia habari ya safari ndefu kwa miguu. Hili hakuwa amelifikiria. Hakujua aweke wapi macho yake.

"Mimi mwenyewe nshaamini," akasema Bi Mashavu. "Mlinisema mpaka nkaamini."

"Nisamehe, mama."

"Unaniambia mimi uani kwangu, nani kasikia? Kawaambie wale walionicheka."

Jumatatu iliyofuata Pandu alimfuata Bi Mashavu nyumbani kwake, akambebea kamba zake mwenyewe. Gari lilikuwa limeshajaa. Mjaka alipowaona akaruka chini. Pandu akamwambia asogee, kisha akasimama kwenye ngazi ya mlango, akasema yote mbele ya abiria. Alimtazama Borafya alipofika kwenye habari ya samaki.

Mzee mmoja akasema, "Lahaula." Borafya akatikisa kichwa.

"Unamsitiri tu kwa vile kafiwa. Mwanamme mzima atautundika mkanda ukutani?"

"Nliutundika. Muulizeni mke wangu."

Wawili walishuka wakaondoka. Wengine walibaki, si wote kwa kuamini, bali kwa sababu gari jengine halikuwapo. Bi Mashavu akakaa benchi la mbele, waliokuwapo wakajibana nyuma, na benchi lile akalikaa peke yake.

Pandu hakuwahi kuendesha kwa hofu kama siku ile. Alikuwa amekagua kila kitu tangu alfajiri. Chuini wakaipita. Bububu wakaipita. Karibu na Mtoni gari likayumba, ukasikika mlio wa upepo unaotoka, likalala upande mmoja.

Nyuma, mtu mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Bi Mashavu alikuwa ameshainuka, anakusanya kamba zake.

Pandu akazunguka mbio mpaka mlangoni. "Bi Mashavu, nakuomba ukae."

"Niache nishuke, mwanangu."

"Kaa. Wallahi nakuomba."

Akalala chini kwenye vumbi, akaung'oa kwa koleo msumari uliotoboa tairi, mrefu, wenye kutu. Akampa abiria wa kwanza, akamwambia aupitishe.

"Injini nimeitazama leo, na maji, na oili, na mikanda," akasema. "Huu sikuuona, wala dereva yeyote asingeuona. Hii ndiyo bahati. Kila gari itayapata haya. Ile ya Chuini haikuwa bahati. Ulikuwa uvivu wangu, nkamtwika mtu."

Msumari ulipita mkono kwa mkono. Borafya aliugeuzageuza muda mrefu kuliko wote. Tairi la akiba lilikuwa limejaa upepo, jeki ilikuwa mahali pake, na haikupita nusu saa gari likawa barabarani. Kabla ya kuondoka, mama mmoja aliyekaa benchi la pili, mwenye mtoto mgongoni, alihamia mbele akakaa na Bi Mashavu.

Habari zilimfikia Bwana Anwarali kabla ya Ijumaa. Alimwita Pandu dukani, akamuuliza swali moja tu, mkanda ulikatika siku ngapi baada ya yeye kumpa, na Pandu alipomjibu akamwambia auweke ufunguo juu ya meza. Pandu akauweka. Alipata kazi kwa fundi mmoja wa magari pale Saateni, mjini, akawa anafungua na kusafisha injini za watu wengine.

Bi Mashavu akaendelea kupanda gari Jumatatu na Alkhamisi. Dereva mpya hakumzuia. Wapo walioamini, na wapo walioendelea kuhama benchi wakimwona anaingia, wakisema wanafuata upepo.

Pandu alisafiri naye mara moja, karibu na mwisho wa mwaka, akirudi kuwaona watu wake. Gari lilikuwa limejaa isipokuwa nafasi ya mbele. Alimwamkia, akaomba kukaa, akakaa. Walipofika Bububu alisema kwa sauti ndogo kuwa bado anaomba radhi.

"Langu nshakusamehe," Bi Mashavu akasema. "Kwa hilo lala salama, mwanangu. La Khamisa mimi sina mamlaka nalo."

Kisha akamwomba amshikie fungu moja la kamba zilizobaki, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo, na Pandu akalishika magotini mpaka Mangapwani.