Hoho Zilizokataa Kunenepa

Mimi sikuwa na haja na bustani. Nilikuwa na haja na chumba.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Umoja, Nairobi, pana kiwanja kidogo cha udongo, hatua sita kwa nne, na katika safu yetu nzima ndicho cha mwisho kilichobaki. Majirani walijenga vyao zamani, wengine wamefika ghorofa ya tatu, na nguo zao zikianikwa zinatudondokea sisi. Nami nilikuwa nimeshazungumza na fundi Nalianya aje anijengee chumba kimoja chenye choo chake, kwa ajili ya mama yangu.

Mama, Bi Mgeni, alikuwa akikaa peke yake Mombasa, mtaa wa Kibokoni, katika nyumba yenye ngazi kali. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Mwezi wa Januari Mama aliteleza kwenye zile ngazi, akakaa pale chini tangu asubuhi mpaka saa kumi, jirani alipompelekea mahamri. Hakuvunjika. Lakini tangu siku hiyo, mimi nikisikia simu inalia moyo wangu unaruka. Nikamsihi ahamie kwetu. Nilimsihi kwa upole, na upole uliponiishia nikamsihi kwa ukali, maana hasira zangu haziko mbali. Jibu lake lilikuwa moja tu.

"Nije nifanye nini huko, Idarusi? Nikae nitizame ukuta?"

"Nakujengea chumba, Mama."

"Ndiyo nasema. Kuta nne."

Nalianya akaja, akapigilia vigingi vinne penye pembe za kile kiwanja, akafunga kamba. Siku hiyo hiyo mvua ya masika ikaanza. Akasema msingi hauchimbwi kwenye tope, tungoje. Na katika kungoja huko, binti yangu Aqsa, wa miaka tisa, akarudi kutoka shuleni na mradi wa kupanda mmea na kuuchunguza. Shule za siku hizi zinawapa watoto kazi, wanaoifanya ni wazazi.

"Baba, si tupande hapo nyuma?"

"Mpaka mvua iishe," nikamwambia. "Fundi akirudi, mnang'oa."

Akakubali haraka mno. Ningemjua vizuri binti yangu ningeshtuka.

Jioni hiyo akampigia bibi yake simu kumweleza. Wiki haikuisha, tukaletewa mzigo kwa basi: nazi tano, chupa ya achari ya embe, na karatasi iliyosokotwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na mbegu bapa, za rangi ya mchanga, na juu yake Mama ameandika kwa penseli: HOHO ZA BABU.

Nilikaa kitako nilipoona mwandiko ule. Baba alikuwa akiotesha mbegu kwenye makopo ya samli juu ya dari, lile paa bapa la nyumba, na kila jioni, akitoka msikitini, alipanda kuyatia maji kabla hajavua kofia. Sikujua kama mbegu zake bado ziko.

"Hoho!" Zaid, mdogo wake Aqsa, ana miaka sita na hasemi jambo bila kuruka. "Zile kubwa za kijani?"

"Ndizo," nikasema, bila kufikiri. "Kubwa, tamu, za kukaangia mayai."

Shamba lenyewe niliapa kwamba sitalishika. Lakini nilipoona namna Zaid alivyoshika jembe, nikalinyakua. Udongo ule ulikuwa jaa tupu. Tulitoa misumari, vizibo vya soda, kijiko, na ndara moja ya mtu mwenye mguu mkubwa sana. Tulipofika chini tukakuta nyungunyungu mmoja, mwekundu, anajikunja kwa hasira kama mimi nikiamshwa. Zaid akalala kifudifudi kumtazama.

"Baba, macho yake yako wapi?"

"Hana."

"Sasa anajuaje anakwenda wapi?"

Nikamwambia amrudishe kwenye udongo, atakuja kutulimia bure. Hilo nililijua kutoka kwa Mama Ryan, jirani yetu wa kushoto, mtu wa Bungoma, ambaye analima sukuma wiki kwenye magunia mbele ya mlango wake. Yeye ndiye aliyetufundisha karibu yote. Majani ya chai yasitupwe. Maganda ya mayai yasagwe. Jivu linyunyizwe asubuhi, majani yangali na umande, vidudu vikimbie. Miche ilipochipuka alikuja kuitazama, akachuma jani moja akalinusa.

"Hii ni hoho kabisa," akasema. "Si unaona jani?"

Basi tukatulia. Tulibakisha miche kumi na miwili, na ile ya pembeni watoto wakaifunga kwenye vigingi vya Nalianya isianguke.

Mvua ikaisha. Nalianya akapiga simu. Nikamwambia wiki ijayo, na wiki hiyo ilipofika maua meupe yalikuwa yametoka, na Aqsa alikuwa akiyahesabu kabla ya kwenda shule. Nikamwambia wiki nyingine. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu kila nikichelewesha chumba ninamwacha Mama na ngazi zake, na kila nikitaka kukianza ninaziona mbegu za Baba zimesimama pale kwa miguu yao. Sijui kama kuna mtu amewahi kubanwa na mmea. Mimi nilibanwa.

Mwezi wa saba, na baridi yake, hoho zikaanza kuzaa. Kila Ijumaa Aqsa alitoka na rula na daftari. Urefu, sentimita nne. Urefu, sentimita sita. Unene, aliandika, bado.

"Baba, mbona hizi hoho ziko slim hivi?"

"Zinaanza kwa urefu, halafu zinanenepa. Kama watu."

"Wewe mbona uliruka urefu?" akasema mke wangu Shamis, aliyekuwa akianika nguo.

Kisha akaja karibu, akainama. Shamis amezaliwa Pumwani, akakulia sokoni kwenye meza ya mama yake, na jicho lake kwa mboga si la mchezo. "Baba Aqsa, mimi hizi naziona kama pilipili."

"Unataka kumfundisha mama yangu hoho?" nikafoka. "Ameandika kwa mkono wake!"

Shamis akaenda zake na beseni.

Mwezi wa nane zikawa nyekundu, na hapo akatokea adui. Ni ndege wa kahawia, kichwa cheusi, na chini ya mkia ana manjano kama amekalia bizari. Alikuja kila asubuhi, akatua kwenye kamba ya nguo, akachagua hoho nyekundu kuliko zote, akaimeza. Nilimrushia ndara. Alirudi na mwenzake. Zaid alinishika mkono.

"Mwache Baba, ameona njaa."

"Ananila mimi huyo!"

Jumapili moja Nalianya akaja bila kuitwa, amechoka na wiki zijazo zangu. Alisimama pembeni akitazama vigingi vyake vilivyogeuzwa nguzo za mboga. Nikaona heri siku hiyo hiyo tuvune, tule, tung'oe, yaishe. Nikamwita Shamis alete mayai na jiko nje. Mama Ryan akaja na Ryan wake. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, nikachuma hoho ya kwanza, ndefu, nyekundu inayong'aa, nikaifuta kwenye shati, nikasema bismillahi, nikaing'ata nusu nzima na kuitafuna vizuri.

Kwa muda mfupi sikusikia kitu. Kisha nikasikia kila kitu.

"Ni tamu, Baba?" Aqsa akauliza, kalamu mkononi.

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, maana sikuwa na njia nyingine ya kuhifadhi heshima yangu. Machozi yakanitoka mawili mawili. Pua ikafuata.

"Baba analia kwa furaha," Zaid akawatangazia watu.

Shamis akanitazama mara moja, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa ambacho nadhani alikuwa amekiweka tayari tangu mwezi wa saba. Mama Ryan alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanamcheza. Nilipoweza kufungua mdomo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia Mama.

"Mama, umenitumia pilipili!"

"Nimekutumia hoho."

"Hii si hoho! Imeniunguza mpaka masikioni!"

"Sasa hoho isiyounguza ni hoho gani?"

"Hoho ni ile kubwa, Mama. Ya kijani. Haiwashi."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Idarusi," akasema polepole. "Ile ni pilipili mboga. Huko kwenu mnaiita hoho?"

"Nairobi nzima."

"Na wewe ukasahau? Wewe, uliyenyonya kidole mpaka ukaanza madrasa, nikawa nakupaka hoho kila asubuhi ndipo ukaacha? Hoho zizi hizi, za kopo la babako!"

Simu ilikuwa kwenye spika. Ua zima likasikia. Aqsa na Zaid walinitazama kidole gumba kana kwamba wanakiona kwa mara ya kwanza. Na mimi, nasema kweli, nilikumbuka. Nilikumbuka kikopo chenyewe, kilivyopata kutu upande mmoja, na mkono wa Mama ukininusisha kwanza ili nijue kinachokuja. Miaka ishirini ya Nairobi ilikuwa imelichukua neno la mama yangu na kuniachia jingine mahali pake, wala sikusikia likiondoka. Nikaona haya. Nikaona huzuni pia, pale pale, pua ikitiririka.

Ndipo nikasikia kitu sijakisikia tangu mazishi ya Baba. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akatulia, akaniuliza niling'ata nyingi, nikamwambia nusu, akaanza upya.

Aqsa akachukua simu mkononi mwangu. "Bibi, shikamoo. Kuna kitu sielewi. Kuna ndege anazimeza nzima nzima na halii. Baba amekula nusu akalia. Kwa nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndege hawashwi."

"Kabisa?"

"Kabisa. Anazila, anakwenda kunya kwingine, panaota. Babu yako alikuwa na mche kwenye mfereji wa dari, na mkono wa mtu haufiki pale."

Zaid aliruka. Akakimbia mpaka chini ya kamba ya nguo, akapiga magoti, akapiga kelele. Tukamfuata. Penye ufa wa simiti, mahali ambapo hakuna aliyetia mbegu, palikuwa na mche mdogo wa majani manne. Aqsa akainama, akachungulia jani, akaligeuza. Kisha akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu, na mimi nikajilaumu kwa ndara zote nilizomrushia yule mkulima mwenzetu.

"Bibi, umeota! Umeota hapa!" Zaid akapiga kelele kwenye simu. "Njoo uone!"

Nilifumba macho nikingoja lile jibu la ukuta.

"Kuna nini kingine hapo?" Mama akauliza. "Mna mrehani? Mna mchaichai?"

"Hatuna," akasema Aqsa.

"Na baba yenu hajui hata hoho. Nani anawafundisha nyinyi?" Akasonya. "Nakuja. Wiki mbili tu, nisikie mtu ameongeza siku."

Nalianya akaokota kamba yake. Nilitaka kumwambia aje Jumatatu achimbe. Nikamwambia angoje, Mama aje kwanza.

Mama alikuja kwa treni ya asubuhi, na mrehani kwenye kopo juu ya mapaja yake njia nzima. Hata maji hakunywa kwanza. Alipita sebuleni moja kwa moja mpaka nyuma, akavua viatu, akakanyaga udongo. Nikaanza kumweleza chumba kitakavyokaa, mlango hapa, dirisha kule.

"Chumba cha nini? Nalala na Aqsa."

"Mama, Aqsa anarusha mateke usingizini."

"Hata babako alikuwa akirusha."

Siku zikapita nami nikizihesabu. Nilikuwa nikifunga duka langu mapema. Nilimkuta akisaga hoho na chumvi na ndimu, Shamis na Mama Ryan wamemzunguka, kila mmoja na chupa yake. Nilimkuta akigombana na Ryan kuhusu jina la mboga, Ryan akisema ni terere, Mama akisema ni mchicha, hakuna aliyeshinda. Aqsa alianza ukurasa mpya wenye sehemu mbili, upande mmoja majina ya Bibi, upande wa pili ya Umoja. Usiku nyumba ilikuwa na sauti yake ya kukohoa, na mimi nililala usingizi wa kweli, simu nimeizima.

Siku ya kumi na tatu nilitoka nyuma kumuuliza nimkatie tikiti ya lini. Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu asubuhi, ili sauti isinisaliti.

Alikuwa amechutama penye pembe, watoto kila upande. Alikuwa ameng'oa kigingi kimoja cha Nalianya na anachimbia nacho shimo. Zaid alikuwa ameshika mbegu tatu za ndimu kwenye kiganja, amezifumbata kama anaogopa zitaruka.

"Tia. Fukia. Usikandamize," Mama akamwambia.

"Utazaa lini, Bibi?"

"Mndimu hauna haraka. Ukifika darasa la tano hivi."

Zaid akahesabu kwa vidole, akakunja uso. "Na nani atautia maji siku zote hizo?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi," akasema. "Wewe si unakwenda shule?"

Kisha akaniona mlangoni. "Ulikuwa wasemaje, Idarusi?"

"Hakuna, Mama," nikasema. Nikarudi ndani kumwambia Shamis tutafute kitanda cha pili cha kile chumba cha Aqsa.