Moyo Ulioachwa Nje ya Daftari

Usiku wa jana, baada ya kumeza kidonge changu cha tumbo, niliota niko zahanati na moyo wangu uko nje, umekaa kwenye ngazi, umejitanda kanga.

"Unafanya nini huko?" nauliza.

"Nimeachwa," unasema. "Kamuulize karani."

Sikushangaa. Mwezi mzima nimekuwa nikichoka hata kwa kukuna nazi moja. Taya linaniuma, na kitu kinanibana hapa kwenye chembe ya moyo. Nilikwenda zahanati nikasema hivyo hivyo. Binti aliyeniandikia alikuwa na foleni ndefu, akafupisha daftarini mwangu: maumivu ya chembe. Nikapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Simlaumu. Alinipisha kiti chake mwenyewe nikae.

Huku ndotoni karani ni mizani ya kupimia watoto, inaning'inia dirishani.

"Daftari linasema chembe," inasema. "Chembe imeingia. Moyo haukutajwa."

"Lakini ni chembe ya huo moyo!"

"Bibi, mie napima kilichoandikwa."

Ukutani kuna tangazo: WAGONJWA WA MOYO WASHIKE KIFUA. Benchi limejaa wanaume, wote wameshika vifua. Mume wangu, Mzee Shemhilu, yumo. Yeye aliugua moyo kweli, mwaka juzi. Alishika kifua shambani mbele ya watu, wakambeba mbio, na leo anapogolea michungwa yake.

"Shika kifua, Mama Zuhura," ananinong'oneza. "Hawa hawaelewi kingine."

"Mimi linaniuma taya."

"Basi shika kwa uongo, mke wangu wee!"

Nashika taya. Papo hapo nimo kwenye kiti cha meno, na koleo linaniuliza nina meno mangapi. Nasema sita. Linanipa pole. Nashika mgongo, najikuta shambani, jembe linaniambia nipumzike siku mbili. Kichefuchefu kinanipanda, nainamia ndoo.

"Hongera," inasema ndoo. "Una mimba."

Nina miaka sitini na minane. Naishukuru.

Tuko tena zahanati, na nje mvua inanyesha. Kanga ya moyo wangu imelowa chapa.

"Mwantumu," unaniita, "mimi nikikaa hapa nje, jioni sifiki."

Ndipo inapokuja mashine ya kupima moyo, inajisukuma yenyewe kwa magurudumu yake. Kabla ya kunigusa inasugua vyuma vyake kwenye blanketi ili visinitie baridi. Hilo sitalisahau.

"Wanawake nao huumwa kifua," inasema, "ila wengi huja na taya, na mgongo, na uchovu juu yake, wakazungushwa. Mwanaume hunifikia mapema. Mwanamke hunifikia amechelewa, halafu watu wanasema ilikuwa ghafla."

"Sasa nifanyeje?"

"Ingiza kilichoachwa."

Natoka mvuani, naubeba moyo. Ni mzito kama mtoto wa miezi sita. Mizani inaziba dirisha. Mzee Shemhilu anaachia kifua chake, na kwa kukiachia tu anapoteza nafasi yake kwenye benchi. Anakuja kunishikia daftari likae wazi.

"Na wewe?" nauliza.

"Mie nilishatibiwa. Ingiza!"

Moyo unapanda kwenye mstari, unahema, unaburuta "ya" mkononi. Unakaa kando ya chembe. Mizani inasoma upya.

"Chembe ya moyo. Mbona hukusema, bibi?"

"Nilisema."

Nikaamka. Kumekucha, na taya bado linauma. Mzee Shemhilu amesimama kando ya kitanda, kikombe cha chai ya tangawizi mkono mmoja, daftari langu la zahanati mkono wa pili. Alikuwa anatazama saa za dawa yangu.

"Mama Zuhura, hapa kaandika nani? Jana hapakuwa na kitu."

Nikaangalia. Maumivu ya chembe ya moyo. Maneno mawili ya mwisho yamekwenda mshazari, kama mtu aliyepanda kilima, na karatasi pale ni mbichi. Mvua haijanyesha kwetu wiki ya tatu sasa.

Nikamweleza yote, taya, mgongo, uchovu, mpaka ndoo. Hakucheka, hata kwenye ndoo.

"Leo hatuendi zahanati," alisema. "Tunakwenda hospitali ya wilaya, kwenye mashine."

Akaiweka chai chini, akapiga magoti, akanivisha viatu.