Mtoto wa Septemba

Mimi na mume wangu Gareth tulihesabu miezi kwenye kalenda ya jikoni ili mtoto azaliwe Septemba. Msinicheke. Hapa Wales wengi hufanya hivyo kimyakimya: mwaka wa shule unaanza Septemba, kwa hiyo wa Septemba ndiye mkubwa darasani, na wa Agosti anabaki kuburuzwa. Cerys wangu akaja tarehe tatu Septemba. Nilivyojigamba, we acha tu!

Sasa ana miaka kumi na wiki tano, na kwa sheria yetu mtoto wa miaka kumi anashtakiwa. Rafiki yake Lowri, wanakaa dawati moja, ni wa Agosti. Ana tisa. Jumamosi walichoma kibanda cha bustani ya klabu ya wazee. Kiberiti alileta Lowri, na Lowri ndiye aliyewasha. Cerys kaniambia mwenyewe, kamasi zikimtoka.

Nikamwendea Siân, mama yake Lowri.

"Siân, dada yangu, mlete mwanao aseme ukweli. Yeye hawamgusi, ana tisa!"

"Polisi hawamgusi, ila ustawi wa jamii watakuja kunichungulia hadi kwenye friji. Sitaki, shoga. Wako ndiye mkubwa, si angemkataza?"

"Mkubwa wapi! Bado analala na sungura wa kitambaa!"

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu kabisa. Nilitamani kuupiga teke.

Polisi walipotuita kituoni, wakatukalisha na wakili wa zamu. Sajenti Pugh akanionya kwamba nipo kumsaidia mtoto, si kumjibia. Kisha akamsomea:

"Hulazimiki kusema chochote. Lakini usipotaja sasa jambo utakalolitegemea baadaye mahakamani, utetezi wako unaweza kudhurika. Utakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Hebu nieleze kwa maneno yako umeelewa nini."

Cerys akafikiri. "Nikinyamaza nimekosea. Na nikisema pia nimekosea."

Wakili akainamia karatasi zake. Pugh akarudia maneno yaleyale, polepole zaidi. Polepole! Kwani shida ilikuwa mwendo?

"Umeelewa sasa?"

Mwanangu akanitazama usoni kutafuta jibu, kama afanyavyo kwenye hesabu za nyumbani.

"Ndiyo," akasema.

"Hajaelewa!" nikapiga kelele. "Hajaelewa hata kidogo!"

"Tafadhali, mama," Pugh akasema, akiandika. "Ameshajibu mwenyewe."