Marehemu Yuko Hewani

Binti yangu ndiye yule anayetangaza mpira kwenye televisheni. Miaka mingi walimwacha asome matokeo tu mwishoni mwa habari, wakubwa wakimwita pambo, mpaka mtangazaji wao akakauka sauti, wakakosa pa kukimbilia, wakampa yeye mechi. Marehemu mama yake hakuwahi kumsikia akitangaza mechi. Alifia hospitali akimngoja daktari mkuu, aliyekuwa mkutanoni. Wakubwa wa kila mahali baba yao mmoja.

Jumamosi, katikati ya mechi, bosi wake akamnong'oneza kwenye kile kidude cha sikioni: kipa wa zamani, Sumaku, amefariki. Binti akashusha sauti, akamlilia marehemu hewani vizuri mno, hata mimi nikavua kofia.

Kumbe aliyekufa ni refa mstaafu, naye akiitwa Sumaku. Mapumziko hayajaisha, simu ikalia studio.

"Mimi marehemu. Mazishi saa ngapi, nisichelewe?"

Kesho yake binti akaja, akakaa jikoni kwangu.

"Baba, wanataka niombe radhi kwenye kipindi changu cha Jumatatu. Niseme nilikosea mimi, basi. La sivyo mechi anapewa mwingine."

"Na aliyekunong'oneza?"

"Hatajwi."

Mkubwa jalala, walisema wahenga. Siku hizi jalala kabebeshwa mdogo.

"Kwani wewe ulimuua?"

"Baba! Kazi naipenda."

Nikamwongezea chai.

Jumatatu nikamwona kwenye kioo, kakaa na Sumaku mwenyewe, mzee wa mikono kama makasia. Binti akasema, "Niliambiwa, nikatangaza bila kuuliza. Kutouliza ni kosa langu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ila huyo aliyekwambia, mimi nilimkosea nini?"

Wakakatiza, wakaweka tangazo la sabuni.

Neno "niliambiwa" halikuwamo katika waliyompangia kusema. Neno hilo moja tu ndilo lililomponza.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwangu, miguu juu ya kiti, kijana mwingine akitangaza kwa kupayuka.

"Huyu anamjua mchezaji hata mmoja?" nikauliza.

"Anajitahidi. Ila anakimbia kuliko mpira."

Nikashika rimoti. "Nimzime?"

"Mwache, baba. Wachezaji wamekosa nini?"

Nikapunguza sauti tu. Kona ikapigwa, na binti yangu, bila kunigeukia, akaanza kunieleza nani kamkaba nani.