Chupa ya Jemu Mahakamani

Chupa ilikuwa yake. Verlene Stiltner aliitambua kabla hata ya kumtambua wakili, maana mfuniko ulikuwa na ule mkwaruzo wa kisu, na lebo ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: Matufaha, Oktoba. Ilikuwa tupu, imeoshwa ikang'aa, na ubavuni imebandikwa kikaratasi cha manjano chenye maneno "kielelezo namba saba".

Alikuwa amekaa kwenye basi kwa saa nane kutoka milima ya Kentucky hadi mahakama hii ya Ohio, viatu vya kanisani vikimbana vidole. Ohio hakuwahi kuikanyaga katika miaka yake sabini na mmoja, na hilo ndilo alilokuja kulisema. Mahakama ikikubali kwamba haina mamlaka juu yake, Bwana Brunner, aliyekuwa wakili wake, angelazimika kumdai ada yake kulekule kwao, mbele ya watu waliokunywa maji yaleyale machafu. Ikikataa, kesi ingeendeshwa hapa, na yeye hana nauli ya safari ya pili. Asipofika, wakili anashinda, hukumu inamfuata hadi mlimani, na nyumba inapigwa mnada pamoja na kile kipande cha ardhi alipozikwa Orbin, mumewe.

Na Brunner ndiye aliyekuja kwao! Alikuja mwaka ule mgodi ulipoyageuza maji ya kisima rangi ya chai. Alisimama kanisani akaahidi haki, kisha akala maharage mezani kwa Verlene, akaomba na ya pili. "Nipigie simu wakati wowote, Bi Verlene," alimwambia. "Usione haya. Na huo mkataba usome taratibu, utie sahihi, unitumie kwa posta."

Basi akapiga simu. Na kila vuli alikoroga matufaha kwenye sufuria kubwa uani, akamtumia chupa mbili ofisini kwake Ohio. Kwao mtu hashukuru mikono mitupu. Na aliyekula hurudisha chupa. Hata jirani mliyenuniana huiacha kizingitini usiku usimwone. Brunner hakurudisha hata moja. Verlene alimtetea moyoni: mtu ana shughuli nyingi. Mwishowe mgodi ulitoa vijisenti, ada ya wakili ikavimeza vyote, na bado ikadai zaidi.

"Mheshimiwa," Brunner alikuwa akisema sasa, bila kumtazama, "mdaiwa anadai hana uhusiano na jimbo hili. Simu arobaini na moja. Barua kumi na saba. Mkataba aliuleta mwenyewe kwa posta. Na chupa sita, miaka mitatu mfululizo."

Jaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimgeukia Verlene. "Ulizituma wewe, mama?"

"Nilizituma. Ni jemu."

"Kwa hiari yako?"

"Kwani kuna mtu hulazimishwa kutuma jemu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka. Jaji hakucheka.

"Jibu swali."

"Kwa hiari yangu."

Jaji aliandika. "Na simu ulipiga?"

"Yeye ndiye aliyeniambia nipige! Hata ile ya kumwambia Orbin amefariki ameihesabu. Dakika kumi na mbili. Alinipa pole, kisha akanitoza."

"Alichokutoza ni suala la kesi yenyewe. Nakuuliza kama ulipiga."

"Nilipiga."

"Asante."

"Na yeye je, alivyokuja kwetu? Alivyokula mezani kwangu?"

"Lipo kwenye karatasi zako?"

Verlene alizitazama karatasi zake tatu. "Hapana, Mheshimiwa. Sijawahi kuandika majina ya wageni wanaokula kwangu."

Haikuchukua muda. Mtu anayefanya shughuli na jimbo hili kwa hiari, tena mara nyingi hivyo, jaji alisema, hawezi kulalamika jimbo likimwita. Mahakama ina mamlaka. Kesi itasikilizwa tarehe tisa mwezi ujao.

Brunner alimkuta kwenye korido. "Usiliweke moyoni, Bi Verlene. Ni kazi tu."

"Wewe ulikula kwangu."

"Nilikula. Na jemu ile ilikuwa tamu, sikufichi. Watoto waliigombania." Aliangalia saa yake. "Lakini kuanzia leo usinipigie tena. Kila kitu kiwe kwa maandishi."

Aliondoka. Verlene alisikia uchungu ambao hata kaburini kwa Orbin hakuusikia. Orbin alimwacha bila kupenda. Alirudi ndani. Karani alikuwa anakusanya vielelezo.

"Binti, naomba chupa yangu nirudi nayo."

"Hii? Ni yako kweli?"

"Ni yangu. Mkwaruzo huo niliutia mimi."

"Una uhakika?"

"Mwanangu, chupa zangu nazijua."

Karani alitabasamu, akavuta fomu na kalamu. "Tia sahihi hapa basi, kwamba umeitambua."

Verlene alitia sahihi, polepole, kwa mwandiko uleule wa kwenye lebo. Karani aliichukua chupa, akaifungia kabatini, akampa nakala.

"Itakaa kwetu hadi kesi iishe," alisema. "Tarehe tisa usichelewe, mama."