Aliyesimama Kwenye Skrini

Mwalimu Eufrazia alijipenda kwenye skrini, na si kumsengenya kusema hivyo, maana hata mwenyewe alijua. Shule yao ya mjini Ngara ilipoletewa kamera na intaneti, ili somo lake la Fizikia lirushwe moja kwa moja hadi shule za kata zisizo na mwalimu wa somo hilo, alishona gauni jipya la kijani na akajifunza kuandika bila kuufunika ubao. Hata sauti yake, ambayo ndugu zake wa Biharamulo walisema inafaa kuitia ng'ombe, ikageuka ikawa ya mtangazaji. Wanafunzi wa upande wa Kibimba, Kanazi na Mbuba walimwona akiwa mkubwa ukutani kwao. Yeye aliwaona wao katika vijidirisha pembeni mwa kompyuta, vichwa vimebanana kama punje kwenye gunzi.

Katika kijidirisha cha Mbuba alikuwamo Ineza, kiranja wa kidato cha tatu. Binti huyu alikuwa amemuuguza mama yake hospitalini, akawaona watu wa maabara wakipima damu, na tangu hapo hakutaka kusikia kazi nyingine. Kwa maabara lazima usome Fizikia, na kwa Fizikia shule yao haikuwa na mwalimu mwingine ila yule wa ukutani. Eufrazia aliyajua yote hayo. Alikuwa amewahi kumsifia Ineza mbele ya shule zote.

Siku ya somo la kupinda kwa mwanga, mvua ilishuka upande wa Mbuba. Aliyewahi kufundisha chini ya bati anaijua kero hiyo, ila ya mtandaoni imezidi: mvua ya darasa moja ikiingia kwenye kipaza sauti, inawanyeshea wote. Eufrazia akafanya kama walivyozoea kufanya walimu wenzake. Akaizima sauti ya Mbuba, wao wakabaki wanamsikia, yeye hawasikii.

Hajamaliza hata mchoro wa kwanza, akamwona Ineza kanyoosha mkono, kisha kasimama, midomo inacheza. Sasa, kila aliyepita shule zetu anaijua sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukishasimama mbele ya mwalimu, huketi mpaka uambiwe. Eufrazia alitakiwa kubonyeza mahali pamoja tu amsikie, au amwambie neno moja tu, kaa. Lakini nyuma ya kamera siku hiyo alikuwepo ofisa kutoka wilayani, somo lilikuwa linateleza vizuri, na kuifungulia ile mvua kungeliharibu. Atachoka, atakaa mwenyewe, akajisemea, akaugeukia ubao. Kila alipotupa jicho kwenye kijidirisha, Ineza alikuwa wima. Mwisho akaacha kutupa jicho.

Ofisa alimpongeza sana.

Jaribio lilipokuja, Mbuba waliangukia pua, na Ineza pamoja nao. Eufrazia alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Akawaambia kupitia skrini, kwa sauti ile ile ya mtangazaji, kwamba Fizikia si ya kila mtu, na anayeona hawezi ahamie mchepuo wa sanaa mapema, asijipotezee muda wala kumpotezea mwalimu. Baada ya siku chache Gozbert, mwalimu wa Historia aliyekuwa akiwawashia mitambo kule Mbuba na kuwaacha nayo, akamtumia ujumbe kwamba kundi zima limehama, wa kwanza Ineza. Majina ya mtihani wa taifa yangepelekwa mwisho wa mwezi, na yakishapelekwa hakuna kurudi. Moyo ulimchoma kidogo. Akajibu, "Pole yao," akaendelea na kazi.

Mwezi haujaisha, akaitwa Biharamulo kwenye semina ya walimu, awaonyeshe wenzake ufundishaji wa mtandaoni ulivyo. Kati ya masomo yote yaliyorekodiwa alichagua lile la kupinda kwa mwanga, maana lilikuwa na pongezi zake tayari. Likawashwa ukutani. Jambo ambalo hakulifikiria ni kwamba ukuta ulikuza kila kitu, na vijidirisha navyo.

Mwalimu mmoja wa makamo, Yuster, akanyoosha mkono na kuuliza kwa upole yule binti kasimama kwa nini muda wote huo.

Eufrazia akasema kule viti havitoshi. Likamtoka jepesi hivyo. Watu wakasikitika, wakatikisa vichwa, na nyuma yake ukutani Ineza aliendelea kusimama, kiti chake kiko wazi mgongoni pake, yeyote mwenye macho akione. Aibu ilimpanda Eufrazia mpaka masikioni. Alipopigiwa makofi alitamani wanyamaze. Njia nzima ya kurudi Ngara alijitetea kimoyomoyo, na kila utetezi aliujibu mwenyewe.

Kesho yake hakusimama mbele ya kamera. Alipanda bodaboda mpaka Mbuba, akafika vumbi mwili mzima, akamwomba Gozbert amwitie Ineza. Gozbert akawaachia chumba cha walimu, akaenda kwenye kipindi chake.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, Ineza. Siku ile ya mvua ulisimama. Ulitaka kuuliza nini?"

"Sikutaka kuuriza, Madam." Ile r ya kwetu, inayoingia pasipo mwaliko. "Picha iriganda tangu mwanzo. Tulikuona umeinua chaki na mdomo wazi, basi. Ukisema tazameni mstari huu, hatuoni mstari. Nikasimama nikwambie."

Eufrazia akakumbuka jaribio, michoro mitupu aliyoikata kwa wino mwekundu, na maneno aliyowatupia baadaye. Walikuwa wamefeli kitu ambacho hawakukiona.

"Na mbona hukukaa?"

"Hukusema nikae."

Akasema bila lawama, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Kisha akaongeza, kwa huruma kabisa, kwamba mwalimu asijisumbue, kosa si lake. Wenzake walisema Madam wa mjini amewadharau, lakini yeye aliwakatalia. Aliwaambia siku ile mashine iliganda kotekote, mwalimu naye hakuwaona.

Basi msamaha ulikuwa mezani, umeshaandaliwa, na hakuna duniani ambaye angejua. Eufrazia alitamani kuitikia kwa kichwa tu. Alitamani sana.

"Nilikuona," akasema. "Tangu uliponyoosha mkono. Na nilijua unangoja niseme ukae."

Ineza alimtazama, si kwa macho ya kuheshimu wala ya kukosa heshima. "Kumbe uliniona," akasema. Akavuta kiti cha Gozbert, akakaa. Mwanafunzi, chumba cha walimu, mbele ya mwalimu, bila kuambiwa. Eufrazia alibaki amesimama, wala hakuthubutu kuvuta kiti kingine.

Akamwomba arudi Fizikia. Akaahidi kuja mwenyewe Jumamosi na kulifundisha lile somo upya, kwa ubao na chaki, mpaka walielewe. Aliomba kama anayeomba maji, na Ineza akamwacha amalize.

"Wenzangu wakirudi, na mimi narudi," akasema. "Ila uwaambie na wao. Mimi ndiye niliyewaambia hukutuona."

Wakatoka pamoja, Ineza mbele. Walipofika mlangoni mwa darasa, Gozbert alishusha chaki akasogea pembeni. Darasa zima likainuka kwa mkupuo, likamwamkia Eufrazia, naye akaitikia, kisha wakabaki wima kimya, wakingoja. Ineza alikuwa ameshakwenda kukaa mahali pake.

Eufrazia akaitafuta sauti ya mtangazaji, akaikosa.

"Kaeni," akasema kwa sauti ya kwao Biharamulo. "Siku ile nilikuwa nawaona."