Siku Kumi na Moja Zisizo Zake

...na ile barua, Madam Kirsty alikuwa anasema kutoka Brisbane, ile niliyoitundika ukutani ofisini, aliiandika nani hasa, Gem, na Gemalyn hakuwa anamtazama bosi wake, alikuwa anatazama kile kidirisha kidogo cha pembeni cha kompyuta ambamo uso wake mwenyewe ulikuwa unatabasamu, nani kauambia utabasamu, saa tatu hii ya asubuhi, uji haujateremka vizuri tumboni na tayari mtu anavuliwa nguo mbele ya watu... na kwenye kidirisha cha tatu Lourdelyn, binti wa mama yake mdogo, damu moja, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano, haya inama, itafute hiyo sindano, usiinue macho ukakutana na yangu. "Lourdelyn ameniambia kila kitu," akasema Madam Kirsty, kwa ile sauti yake ya upole anayoitumia kwa wazazi wanaodai mtoto wao hajifunzi kuogelea, na Gemalyn akalishika hilo neno, kila kitu, kila kitu kipi, maana aliloambiwa lilikuwa kweli tupu, kwamba mwezi wa tatu, siku kumi na moja mfululizo, aliyekuwa anawajibu wazazi wa shule ya kuogelea, akipanga madarasa, akimwamkia Madam kila asubuhi kwa kile kipicha cha ua, hakuwa Gem, alikuwa Lourdelyn amekalia kiti cha Gem na nywila ya Gem na jina la Gem chini ya kila barua, kweli, hakuna uongo hapo, ila yule binti amesema ni nani na ni lini, akaliacha lile la kwa nini mlangoni... hajasema kwamba chumba cha pili cha nyumba hiyohiyo, ukuta mmoja tu wa mbao kati yao, mama yake Gemalyn alikuwa amelala kwenye jeneza.

Siku kumi na moja kwa sababu kaka yake Gemalyn ni baharia na meli ilikuwa haijafika bandari ya kumshusha, na mama hazikwi bila mwanawe wa kiume kumtupia ua, kwa hiyo matanga yakaendelea, sala za siku tisa zikaisha na bado wanangoja, wageni wanaingia, biskuti, kahawa, karata mezani, hakuna kufagia, hakuna kumsindikiza mgeni hadi mlangoni, ndiyo miiko ya matanga, na katikati ya hayo yote simu ya Gemalyn inalia ting, ting, mzazi fulani anauliza kama bwawa lina maji ya uvuguvugu... akamvuta Lourdelyn jikoni, akamwambia nishikie kazi, Inday, mdogo wangu, Madam asijue, tafadhali asijue, na Lourdelyn akalia kuliko hata mfiwa, akamkumbatia, akasema, "Hili naenda nalo kaburini, Manang, dada yangu." Kaburini. Hata mwaka haujapita. Na ni yeye, Gemalyn, aliyempigia debe apate kazi baada ya hapo, miezi minne iliyopita, Madam nina binamu yangu, mwepesi, mwaminifu, naweka kichwa changu, na kweli kichwa kikakatwa, na kwa sababu gani, kwa sababu ya barua, kwa sababu wiki iliyopita Madam aliisifu tena ile barua aliyoandikiwa mama wa mtoto mwenye kuogopa maji, akasema hakuna msaidizi duniani kama Gem, na Lourdelyn alikuwepo kwenye mkutano ule, na sifa ya mwenzako ukiila wewe huku mwenyewe anatazama, sasa Gemalyn anaona, lazima imchome huyo mwenyewe, ningeweza kumwambia Madam siku ileile, ile ni kazi ya Lourdelyn, ningetunga njia... sikutunga, niliipokea, nilisema asante.

"Sina hasira," Madam Kirsty anasema, "ila sijui tena nilikuwa naongea na nani," na hapo ndipo palipouma, pale hasa, maana hata siku zile Madam hakutambua, miaka sita Gemalyn anajua saa ya dawa ya mbwa wa Madam, anajua mtoto wake gani hali karanga, alijua habari ya talaka kabla ya mama mzazi wa Madam kujua, na siku ya nne ya matanga, amesimama kando ya jeneza, alifungua simu akakuta Madam ameandika, Gem, wiki hii umechangamka kweli, sijui umekula nini... umechangamka. Akalisoma lile neno mara mbili na mama yake yuko pale na rozari vidoleni. Mtu amebadilishwa mzima mzima na aliyeshika nafasi yake akaonekana afadhali. Hilo amsimulie nani. Binamu kamsaliti, sawa, binamu ni binamu, utamnunia kisha mtakutana harusini, lakini huyu wa Brisbane anayesema sisi ni familia, Gem, wewe ni familia yangu, huyu alimpoteza kwa siku kumi na moja na hakumtafuta.

"Ungeniambia tu," anasema Madam. "Ningekupa siku zako. Kwa nini hukuniambia?" Na jibu lilikuwa tayari mdomoni, mama yangu alikufa, maneno matatu, ukiyasema haya Lourdelyn anageuka nyoka papo hapo na wewe unageuka mfiwa, Madam ataziba mdomo kwa mkono, ataagiza maua, yataisha... ungeniambia tu, lakini Jun alikuambia. Jun Palmares. Jina lilimjia bila kuitwa, miaka miwili hakuwa amelifikiria, Jun wa kisiwani Guimaras aliyekuwa anashughulikia malalamiko ya wazazi, kijana wa adabu, aliomba siku za kumzika bibi yake, akapewa, miezi mitano baadaye akaomba tena za bibi yake, kisha tena, na Madam akamuuliza Gemalyn kwenye simu ya video kama hii, asubuhi kama hii, "Hivi huyu bwana ana bibi wangapi?" Na Gemalyn alikuwa anajua. Kwetu dada za bibi wote ni bibi, wamekulea, wamekuchapa, wamekuficha ulipotafutwa, wakifa unawazika na unakaa matanga ya kila mmoja, sentensi moja ingetosha, hata nusu. Badala yake alicheka. Akaongeza na la kwake, "Ngojea, Madam, mwezi ujao watamfufukia wengine," na Madam akacheka mpaka akafuta machozi, na wote wawili wakajiona marafiki siku ile, na Ijumaa Jun akaondolewa kazini, akamwandikia Gemalyn ujumbe mfupi, asante kwa kunivumilia, Manang, nisalimie Madam... hakumsalimia. Basi mama alipokufa angemwambia nani, angemwambiaje, mtu aliyemfundisha bosi kucheka misiba yetu, mlango huo aliufunga nani kama si yeye, kwa mkono wake, akicheka.

"Gem? Nadhani picha yako imeganda." Haikuganda. Ni yeye aliyetulia hivyo, na Lourdelyn amekwisha inua kichwa, macho mekundu, midomo inasema bila sauti, sema Manang, sema habari ya mama, hata yeye sasa anataka isemwe, na itasemwa, lakini siyo kwanza, ukianza na mama, Madam atakulilia wewe peke yako na Jun atabaki mwongo mpaka mwisho wa dunia, kwanza ni huyu, bibi zake walikuwa watatu, Madam, wote walikufa kweli, na mimi nilijua... "Gem, unanisikia?" Madam Kirsty akauliza tena, na Gemalyn akasema, "Nakusikia, Madam. Unamkumbuka Jun?"